Chora Aliyeketi Mbele Yako

Nakumbuka Jumatano moja, mjukuu wangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilipomliza mwanamke mzima kwa penseli.

Tulia nikusimulie polepole, maana leo mchana uliponionyesha michoro yako kwenye simu ulikuwa na haraka. "Shosho, cheki hii. Na hii. Na hii." Nikacheki. Wasichana kumi na wawili, wote warefu, wote wembamba, wote wanatazama kando kana kwamba kuna mtu amewakasirisha. Nguo zilikuwa nzuri, sikatai. Mkono unao. Kisha ukaniambia kwamba kesho unakwenda mtaa wa Pipeline kumpima mteja wako wa kwanza, mama anayetaka nguo ya kwenda kumwona mwanawe akihitimu, na kwamba mchoro wake umekwisha kuutengeneza. Hujamwona bado! Hapo chai ikanipalia.

"Unamchoraje mtu hujamwona?" nikakuuliza.

Ukacheka. "Shosho, mwili uko kwa simu tayari. Wewe unauvisha tu."

Basi keti hapo. Hata mimi nilikuwa na mwili kama huo, simu zikiwa bado za kupangia foleni posta.

Nilipomaliza shule, marehemu baba, aliyekuwa akifanya kazi reli, alinipeleka kwa Bi. Zuhura nikajifunze kushona. Bi. Zuhura alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa papa hapa Nairobi, mwenye chumba kimoja cha kushonea pale mtaa wa Ziwani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama mnene, mwenye macho makali. Mdomoni mwake hamkukosa pini, ndiyo maana alizoea kusema machache. Alikuwa na desturi moja ambayo sisi wanagenzi tuliiona ya kizamani: hakushika makasi kabla hajachora. Hata ingekuwa sketi ya shule, hata ingekuwa nguo aliyoishona mara mia, mteja aliketishwa kwenye kigoda na Bi. Zuhura akamchora juu ya kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari.

Sasa, michoro yake! Nisamehe, na Mungu amrehemu, lakini ilikuwa mibaya. Kichwa kama yai, mwili kama gunia, mistari imepita huku na kule. Wateja walikuwa wakiitazama na kukohoa kwa adabu. Mimi nilikuwa na mkono mzuri tangu shuleni, nikachora gauni moja mbele yake, akaona. Akaniambia, "Haya, wewe chora, mimi nitakata."

Nilifurahi mno. Lakini kuwachora watu kweli kweli kulinishinda, nikajitafutia njia ya mkato. Nilikuwa na ukurasa mmoja wa katalogi ya nguo, umeokotwa sijui wapi, na juu yake mwanamke mmoja amesimama, mkono kiunoni, shingo ndefu, mabega sawasawa kama hanga ya koti. Nilikuwa nikiubandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha, naweka karatasi yangu juu, mwanga wa jua unapita, nami nafuatisha mistari. Dakika tano mwanamke wangu yuko tayari. Kilichobaki ni kumvisha.

Wateja wote wa Ziwani walipewa mwili ule mmoja. Mama mfupi, mama mnene, mama mwenye mimba ya miezi saba, wote shingo ndefu na mkono kiunoni. Na wakapenda! Walitoka Starehe, walitoka Kariokor, wakiuliza, "Yuko wapi yule msichana msanii?" Jina likanikaa, Msanii, nami nikatembea mtaani kama niliyechaguliwa diwani. Bi. Zuhura aliniuliza mara mbili, na pini zake mdomoni, "Mbona wote wana shingo moja?" Nikacheka tu. Nilidhani anaona wivu.

Ndipo akaja Mama Nekesa.

Mama Nekesa alikuwa jirani yetu, Mluhya wa Bungoma, mumewe akifanya kazi kaunsili ya jiji. Alikuwa mwanamke mpole wa kukaa viti vya nyuma kanisani na kutoweka picha zikianza kupigwa. Na siku zote alijifunga leso shingoni. Jua liwake la Januari, leso iko shingoni. Nilikuwa nimemwona hivyo tangu utoto wangu, kiasi kwamba sikuiona tena ile leso. Nawe utakuja kujua kwamba watu wa kuwatazama sana ni wale uliowazoea.

Binti yake Nekesa alikuwa anaolewa. Mama akaja na kitambaa cha zambarau, kinang'aa, kizito mkononi, kipande cha mwisho cha jora pale dukani alipokinunua. Akakiweka juu ya meza kama mtu anayelaza mtoto. "Kanisani nitaitwa mbele nimtoe binti yangu," akasema. "Watu wote wataniangalia. Nataka nguo ya kunisimamisha."

Bi. Zuhura hakuwepo, alikuwa amekwenda matangani Mombasa kwa siku nane. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kufanya kila kitu peke yangu. Nikampima. Tepu ya kupimia ilipofika shingoni akasema, "Acha leso, nina homa kidogo," nami nikapima juu ya leso. Sikuuliza. Nikaenda dirishani na mwanamke wangu wa katalogi, nikamvisha gauni la zambarau lililofunguka shingo mpaka mabegani, kwa sababu shingo kama ile ungeifunikaje? Nyuma nikamtia mkia mrefu wa kuburura, kama wa malkia.

Mama Nekesa akautazama mchoro kwa muda mrefu sana.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mama. Siku ya harusi."

Akaweka kidole chake juu ya ile shingo ya karatasi. Akatabasamu. "Haya," akasema. "Shona."

Nikakata, nikashona, na nakwambia kweli, mshono ulikuwa safi. Sikukosea hata inchi ya vile nilivyochora.

Jumatano ile, siku tatu kabla ya harusi, akaja kujaribu. Bi. Zuhura alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo, bado anapanga vitu vyake. Nikamwingiza Mama Nekesa nyuma ya pazia, akavua leso, akavaa gauni, nami nikaingia kufunga vifungo. Hapo ndipo nikaliona kovu. Lilianzia chini ya sikio la kushoto likashuka shingo yote mpaka begani. Stovu ilikuwa imemlipukia akiwa bibi harusi mpya, hiyo aliniambia baadaye. Ngozi ilikuwa imevutika ikalipandisha bega la kushoto, kwa hiyo gauni langu zuri lilikuwa limetelezea upande mmoja na kuning'inia. Nikajaribu kulivuta. Likateleza tena.

Akajitazama kwenye kioo. Hakupiga kelele, wala hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliketi kwenye kigoda na machozi yakaanza kumtoka.

"Yule uliyemchora ndiye aende harusini," akasema. "Mimi nitabaki nyumbani."

Mwanangu, mtu anaweza kukuambia nguo imembana, ukapanua. Anaweza kusema ni ndefu, ukapunguza. Huyu alikuwa ananiambia kwamba hataenda kwenye harusi ya binti yake wa pekee kwa sababu yangu. Na kitambaa kingine cha rangi ile hakikuwepo mjini.

Bi. Zuhura alisikia. Akatema pini kwenye kiganja, akaingia, akamfunika Mama Nekesa kwa ile leso yake, akamwambia, "Mama, kaa kwanza unywe chai, tafadhali usiende." Kisha akanishika mkono akanitoa nje na ule mchoro wangu.

"Huyu ni nani?"

"Mama Nekesa."

"Mama Nekesa namjua. Tumechota maji mfereji mmoja miaka ishirini. Huyu simjui." Akanirudishia karatasi. "Nenda Kariokor kwa Mzee Otieno. Mwambie nimesema akupime viatu. Kisha urudi hapa mbio."

Nilidhani amechanganyikiwa. Mteja analia ndani, na mimi natumwa kununua akala! Lakini Bi. Zuhura hakuwa mtu wa kujibizana naye. Nikaenda, hatua nyingi nikizimaliza kwa kukimbia, uso umenishuka.

Mzee Otieno alikuwa fundi wa viatu vya akala pale sokoni, ameketi katikati ya matairi na vipande vya ngozi. Akatandika kartoni chini. "Vua kiatu, panda hapa."

Sasa nikwambie siri ambayo hata mama yako haijui. Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, na kidole cha pili kimelala juu ya kidole gumba, kwa viatu vya shule vilivyonibana. Sikupenda mtu auone. Nikaupandisha juu ya kartoni huku nimekikunja kidole kukificha. Mzee akashika kipande chake cha penseli kimesimama wima, akaanza kuuzunguka mguu, akafika pale akasita. Akanigonga kifundo cha mguu kwa ile penseli.

"Acha mguu ulale unavyolala," akasema. "Ukiuficha hapa, kiatu kitakuuma huko."

Nikaulegeza. Penseli ikapita kila mahali, ikaingia kila uwazi, ikapanda juu ya kile kidole kilichopinda ikashuka. Nilipotoa mguu nikauona juu ya kartoni, mkubwa, umepinda, wangu. Mzee hakuucheka wala hakuusifu. Alichukua kisu akaanza kukata tairi kwa kufuata ule mstari, akaniambia nije keshokutwa.

Nilirudi Ziwani nikiwa nimeelewa sehemu tu, siyo yote. Sikudanganyi kwamba niliangukiwa na nuru pale sokoni. Nilichokuwa nacho ni aibu, na wasiwasi kwamba Mama Nekesa atakuwa amekwenda.

Alikuwepo. Kikombe mkononi, leso shingoni, macho mekundu. Bi. Zuhura akanipa karatasi ya kaki na penseli, akaninyooshea kidole kigodani, halafu akarudi kwenye cherehani yake akajifanya ana kazi nyingi.

Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilichora mtu mwingine. Ukinikubalia, naomba nikuchore wewe."

Akaweka kikombe chini. Kisha akaifungua leso kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mapajani.

Nikaanza kuchora, na unajua nini kilitokea? Mkono ukachora ile shingo ndefu. Wenyewe tu! Ulikuwa umeizoea. Nikachana. Nikaanza tena, mabega yakatoka sawasawa kama hanga. Nikachana. Mara ya tatu nikaacha kuitazama karatasi nikamtazama Mama Nekesa. Bega la kushoto liko juu. Shingo fupi. Mgongo umenyooka, wa mwanamke aliyebeba mengi. Na kitu kimoja kilinisumbua: mkono wake wa kulia haukutulia. Kila baada ya muda kidogo ulipanda shingoni upande wa kushoto, vidole vimefunguka, ukafunika, ukashuka, ukapanda tena. Kwa kuwa haukutulia mahali pengine, nikauchora pale pale shingoni.

Nikautazama mchoro. Ulikuwa mbaya kuliko wa Bi. Zuhura, wallahi. Lakini alikuwa yeye. Na ule mkono ulikuwa umepita kutoka bega la kulia kuelekea sikio la kushoto kama ukanda wa kitambaa.

"Mama," nikasema, "kitambaa kikipita hapa mkono unapopita, je?"

Akainama kutazama. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoujua utamu wa kuchora. Nilichora gauni sita kabla birika la pili halijachemka. La kwanza kola kubwa kama ya kasisi, tukacheka wote, hata Bi. Zuhura pale cherehanini. La pili nikalifunga mpaka masikioni, Mama Nekesa akakataa: "Usinifunge bandeji, mimi si mgonjwa." La tatu likazidi mapambo. Gauni sita, na hakuna hata uzi mmoja uliokatwa! Kitambaa ukikikosea kimekosewa, lakini karatasi unageuza upande wa pili. Ndiyo maana mafundi wote unaowaona huku Eastlands wana penseli nyuma ya sikio: wa viatu, wa makochi, wa mageti, wa kuandika mabango. Wanakosea kwanza pale ambapo kukosea hakuumizi mtu.

La sita Mama Nekesa akaninyang'anya penseli. Hakuwa amewahi kuchora kitu maishani. Akavuta mstari mmoja, unatetemeka, kutoka bega moja mpaka kwenye shingo. "Kianzie hapa," akasema, "kiishie hapa. Kikae kama mkono wangu unavyokaa. Hiki kipande cha juu kikionekana, kionekane."

"Kitambaa cha ziada kitatoka wapi?" nikamuuliza Bi. Zuhura.

"Una mkia mzima wa malkia huko nyuma," akanijibu. "Kata."

Tukaukata ule mkia. Ukatosha, ukabaki hata wa kufunika kifungo kimoja.

Jumamosi nilisimama nyuma kabisa kanisani nikimtazama Mama Nekesa tu, bibi harusi wa watu hata sikumwona vizuri. Alipoitwa mbele akaenda. Ukanda wa zambarau umelala shingoni mwake umetulia, gauni limekaa begani halitelezi. Nikangoja ule mkono wa kulia upande. Haukupanda. Ulikuwa umemshika Nekesa, na ibada yote haukumwachia. Picha zilipopigwa alisimama katikati. Nikalia mpaka mama mmoja akaniuliza kama bwana harusi alikuwa wangu.

Kitu kimoja nilisahau. Ijumaa alipokuja kuchukua nguo, nilitaka kumpa zawadi ule mchoro wa kwanza, wenye shingo ndefu, kwa maana ulikuwa mzuri wa kutundika. Akausukuma. "Nipe ule mwingine," akasema. Akaukunja ule wa kaki, wa bega lililopanda na mkono shingoni, akautia ndani ya Biblia.

Miaka mingi baadaye tulimzika, na Nekesa, naye sasa ana wajukuu, akaja hapa nyumbani kwangu na karatasi ile, imechakaa kwenye mikunjo. "Nani alimchora mama?" akaniuliza. "Hatuna picha hata moja ya mama bila leso ama ukanda. Ni hii tu." Nikamwambia ni mimi. Akanishika mikono. Nimechora maelfu tangu siku ile, na ndio mchoro pekee ninaojivunia.

Sasa sikiliza, kwa kuwa kesho ndiyo siku yako.

Ukifika Pipeline, simu ikae mkobani. Siichukii simu, rangi zake ni nzuri, utaitoa baadaye. Msalimie huyo mama vizuri, ukubali chai ukipewa, uketi. Mtazame anavyokaa, anavyoinuka, mkono wake unakwenda wapi akiwa na wasiwasi. Akisema usipime mahali fulani, usilazimishe, lakini usipite kama kipofu, muulize kwa heshima angependa nguo ikae vipi hapo. Kisha mchore, yeye, na bega lake na tumbo lake. Chora vibaya. Chora tena. Mpe na yeye penseli akikosa maneno. Mkono ukikimbilia kumpa mwili wa mtu mwingine, chana karatasi uanze upya, hata mara kumi. Watu watakusifu ukiwachora wasivyo, nami nimekwambia nilivyosifiwa. Lakini nguo itavaliwa na yule yule aliye kigodani, na siku yake ikiharibika, wewe ndiye umeiharibu.

Mungu akupe macho ya kuwapenda watu jinsi alivyowaumba, akupe mkono mwepesi na moyo usiochoka kurudia. Kila atakayevaa kazi yako asimame mbele za watu bila kujificha, na jina lako litajwe kwa shukrani katika nyumba usizozijua. Amina.

Haya, chukua penseli hiyo mezani, na karatasi. Usiende kulala kwanza. Anza na mimi, nimeketi. Na yale meno mawili yaliyong'oka, mwanangu, usinirudishie.